Wakulima Walioingia Schema ya Matanga

Jumatatu, 10 Machi 2025
Mkataba wangu unaisha Ijumaa. Madam Nakhungu, meneja wa ushirika wetu wa mpunga hapa Ahero, amesema nikiingiza majina ya wakulima wote kwenye hifadhidata, ataniajiri moja kwa moja. Majina elfu moja na mia moja! Kazi ya dakika kumi. Caren wa meza ya pili, anayejiona profesa, amenikumbusha nibadilishe schema. Eti schema ni kama vyumba. Usipochagua, data inaingia chumba kilichowekwa tangu mwanzo, na hapa ni cha matanga, tunachotumia kutangaza misiba ya wanachama. Wivu mtupu. Nimemshukuru kwa tabasamu la kumuudhi.

Jumanne, 11 Machi
Nimebonyeza. Kompyuta imesema yote yameingia! Nimefungua jedwali la wakulima. Tupu. Nimeingiza tena. Tupu. Mara ya tatu nimebonyeza kwa nguvu. Tupu. Nimeenda nyumbani.

Jumatano, 12 Machi
Nimemkuta mzee Oketch mlangoni, simu mkononi. Amepokea ujumbe wa ushirika unaotangaza kifo cha mzee Oketch. Mara tatu. Mkewe alilia huku akimpikia chai. Nyuma yake, foleni hadi barabarani. Kumbe kila jina linaloingia matanga, mfumo wenyewe hutuma tanzia kwa simu iliyosajiliwa nalo. Nimekwisha!
“Bwana, mimi niko,” amesema mzee. “Andika hapo niko.”
Nimeandika kwenye daftari langu. Sikujua lingine la kufanya. Nimewaandika wote.

Alhamisi, 13 Machi
Foleni bado. Mmoja alikuwa Kombewa kwa wakwe, amerudi mbio kuthibitisha uhai wake. Madam amechukua daftari langu, amelisoma ukurasa kwa ukurasa. Nimeanza kukusanya vitu vyangu mezani. Kumbe miaka miwili anatafuta kujua nani kwenye orodha bado yuko hai, ili mbegu zisitolewe kwa majina ya marehemu. Sasa anajua: waliokuja kulalamika ndio walio hai. Caren ameshinda siku nzima akihamisha data na kuwaomba wazee radhi. Anapenda kujionyesha.

Ijumaa, 14 Machi
Nimeajiriwa! Furaha imenijaa hadi nimemkumbatia askari wa geti. Mchana nimeandikia vyama vyote vya wastaafu Kisumu: leteni orodha zenu, nitazihakiki kwa siku mbili. Caren amejitolea kunionyesha pa kubadilisha schema. Nimekataa. Ataniharibia biashara.