Vita vya Klachi ya Gari la Marehemu Baba

Enyi mlioketi nanyi mliosimama, wekeni vikombe chini, wanyamazisheni watoto, nipate kuwasimulia jinsi shemeji yangu, mume wa dada yangu, karani mstaafu wa bohari, Simba wa Spana, Mfunguzi wa Makopo, alivyoifunga klachi ya gari bovu uani kwetu. Ole wangu niliyechaguliwa kuwa mwandishi wa habari zake! Wenzangu walijaliwa wafalme wa kuwasifu. Mimi nikajaliwa huyu.

Gari lenyewe lilikuwa la marehemu baba yetu. Siku tuliyomzika, shujaa alisimama mbele ya watu, bila kuombwa na yeyote, akaapa kulifufua. Tangu hapo likakaa uani likilaza kuku, na dada akawa akilipita kila asubuhi amegeuza uso, maana kulitazama kulimuumiza. Hatimaye akatoa amri: lisipovuka geti kwa injini yake kabla ya Jumamosi mchana, mnunuzi wa vyuma chakavu alichukue.

"Mke wangu," akanena shujaa, mkono kifuani, "kabla jua la Jumamosi halijasimama utosini, gari hili litanguruma, na majirani watapanga foleni kunipa mkono!"

"Sawa," dada akajibu. "Ila taulo zangu usiguse."

Alikuwa ameshaharibu mbili.

Ijumaa kulipopambazuka akatandaza spana zake juu ya shuka, kubwa kwa ndogo, akazipangua, akazipanga tena. Mchagua jembe si mkulima, lakini nani angethubutu kumwambia? Kisha akajitosa chini ya gari kama jemadari aingiaye handakini, nami nikimshikia tochi. Akaishusha giaboksi, nayo ikamlalia kifuani, akalia kama mbuzi. Akaing'oa pleti ya klachi iliyolika, akapachika mpya, akaikandamiza kwa presha pleti, akakaza bolti huku akiihutubia kila moja juu ya ushujaa wake. Adhuhuri giaboksi ikarudi mahali pake. Akapanda kwenye usukani, akawasha, akakanyaga klachi, akasukuma gia. Lahaula! Ikasaga kwa ukelele uliowatoa majirani nje.

Ndipo alipoanza kuwasaka wasaliti. Muuza vipuri, mwizi. Waliotengeneza klachi, wahuni. Mimi, nilishika tochi upande.

"Shemeji," nikamwambia, "ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi, uliiweka kweli?"

"Unaniuliza mimi? Mimi niliyehesabu misumari ya bohari zima, usipotee hata mmoja? Beringi imeibwa! Na mwizi wake anakula mezani kwangu!"

Akanikazia macho. Nisifiche, iliniuma, tena sana. Nilitamani kumpima kichwa kwa ile tochi.

Mara dada akatokea mlangoni pa jikoni, ameshika kifurushi cha nailoni kilichoganda barafu.

"Mume wangu, hii ni nyama ya mnyama gani? Nimeitoa kwenye friza niikate, kisu kimegoma."

Ilikuwa beringi. Fundi mmoja alimwambia shujaa kwamba beringi ikilazwa kwenye barafu husinyaa kidogo, ikaingia tunduni bila kutwangwa nyundo. Naye akailaza kati ya maini na samaki, akaisahau.

"Nilikuwa naipoza," akasema, na sauti yote imemwishia.

Kuniomba radhi hakuniomba. Akarudi chini ya gari, akaifungua kazi yote aliyokuwa ameifunga, akaanza upya. Mara hii hakuhutubia bolti hata moja, na kwa mara ya kwanza tangu amwoe dada yangu nikamwona mtu huyu anafanya kazi.

Jumamosi mnunuzi wa vyuma chakavu aliwahi, akaegemea geti na mnyororo wake begani. Shujaa akawasha. Akakanyaga klachi. Gia ikaingia kimya. Gari likajikongoja, kuku wakarukia nje kupitia madirishani, likavuka geti, bampa ya nyuma ikipita kizingiti kwa upana wa kiganja. Kisha likakohoa, likazimika. Mhesabu misumari hakukumbuka petroli.

Mnunuzi akacheka. "Mama, hilo limekufa. Nilifunge mnyororo?"

"Geti limevukwa, halijavukwa?" dada akamuuliza.

"Limevukwa, lakini..."

"Basi." Dada akajifuta macho kwa taulo yenye grisi, akafungua mlango, akaketi kiti cha mbele, kando ya dereva, palepale alipokuwa akikaa utotoni baba alipotupeleka shule. "Lirudisheni ndani. Haliuzwi."

Na itangazwe basi kwa vizazi vyote kwamba klachi ilifungwa, gia ikaingia, na geti likavukwa. Hivi ndivyo ushindi ulivyorejea nyumbani: mbele shujaa ameshika usukani, akiwapungia mkono majirani, nyuma mimi na mnunuzi wa vyuma chakavu, jasho likitutiririka, tunasukuma.