Daktari wa Ukoo Mzima

Walimwita Kinanda, maana ukimgusa tu anakupigia wimbo unaoutaka. Asubuhi hiyo alikuwa ametimuliwa kwenye duka la magodoro kwa kuliuza godoro moja kwa wateja wanne. Hakufika mbali. Kwenye mlango wa zahanati ya jirani paliandikwa: ANATAKIWA DAKTARI WA FAMILIA. Kinanda akafunga vifungo vya shati, akaingia.

Mwenye zahanati, mzee mnene ndani ya koti jeupe, alimkaribisha kiti.

"Umefanya kazi wapi, daktari?"

"Nianzie wapi, mzee wangu? Nimesomea ng'ambo, kwenye baridi ya kugandisha mate. Nimetibu koo nzima nzima. Bibi, mjukuu, mpaka paka wao."

"Vyeti?"

"Viko njiani."

"Visihangaike," mzee akasema. "Anza kesho."

Mtu mwenye akili timamu angejiuliza. Lakini mjanja humchunguza kila mtu isipokuwa anayemkubali.

Kazi ikamkaa. Alimshika mgonjwa mkono, akamuuliza habari za mama mkwe, akampa vitamini. Maradhi mengi yana adabu, huondoka yenyewe. Sifa zikabaki kwa Kinanda. Foleni ikafika barabarani. Mzee akamkabidhi funguo, akatundika picha ya Kinanda ukutani, chini yake pameandikwa: Mganga Mkuu. Kinanda akaagiza suti.

Kumbe mzee naye hakuwahi kusomea udaktari, na alikuwa amedokezwa kwamba wakaguzi wa serikali wako njiani.

Walipoingia, na polisi nyuma yao, Kinanda aligeuka kumwonyesha mwenye mali. Mzee alikuwa ameshavua koti, amejilaza kwenye kitanda cha wagonjwa, anaugua kwa sauti.

"Mzee, waeleze."

"Mimi mgonjwa tu, wanangu. Mkubwa hapa ni huyo. Si mnaiona picha?"

Wakaguzi wakamzunguka Kinanda. Mzee akashuka kitandani taratibu, akatokea mlango wa uani.

"Jamani, mimi si daktari," Kinanda akasema. "Naapa. Hata sindano naiogopa."

"Ajabu," mkaguzi akamwambia mwenzake. "Wote huapa kwamba ni madaktari. Huyu anakana."

"Msimsikilize," akadakia mama mmoja kwenye foleni. "Mnyenyekevu huyo. Ndiye aliyeniponya goti."

Foleni nzima ikaitikia. Kadiri alivyokana, ndivyo walivyomtetea, na kila aliyemtetea aliandikwa kuwa shahidi kwamba ametibiwa naye.

Wakampakia garini. Mama wa goti akamfuata mpaka dirishani.

"Daktari, ile dawa ya presha uliyoniambia niache. Niendelee kuiacha?"

Kinanda alimtazama. Uso wa mama ulikuwa umevimba, na miguu pia. Kwa mara ya kwanza tangu aingie kazini, akaingiwa na hofu isiyo yake mwenyewe.

"Mama, imeze leo hii. Kisha nenda hospitali kubwa, usikawie. Nakuomba."

Mama akamgeukia mkaguzi, uso umemng'aa.

"Umesikia? Na bado mnasema si daktari."

Mkaguzi akaliandika na hilo.