Mwamuzi wa Pili Alikuwa Anakaanga Mandazi

Jamani, leo nimepata aibu ya kunitosha mpaka mwaka ujao. Naandika mwenyewe mapema, maana najua video zinakuja, na wenye video hawaelezi vizuri.

Mnajua mimi ni mwamuzi wa basketi. (Wengine mnanijua kama yule mwenye miguu myembamba. Ndiye huyo huyo.) Miaka sita napuliza filimbi hapa Kalemie, na miaka sita sijaitwa mahali pengine. Wenzangu wamekwenda Manono, wamekwenda Moba, wamerudi na picha. Mimi sijavuka hata mto Lukuga kwa ajili ya filimbi. Sasa wiki iliyopita tukaambiwa kuwa tume ya waamuzi inatafuta mtu mmoja wa kuchezesha mashindano ya Moba, na kwamba mzee wa tume, Papa Kalenga, atakuja kututazama leo. Papa Kalenga hasemi sana. Anaandika. Nilitaka nafasi ile mpaka nikawa nafanya mazoezi ya ishara za mikono mbele ya kioo. Mke wangu akauliza ninamwita nani.

Saa tisa alasiri niko uwanjani, shati limepigwa pasi mara mbili. Simu ikaita. Kitenge, mwamuzi mwenzangu.

"Kaka, niko Zongwe. Kilio kimekwisha lakini boti imeishiwa mazuti. Leo utachezesha peke yako."

"Peke yangu? Na Papa Kalenga amefika!"

"Si njo vizuri sasa? Atakuona weye tu."

Kwa wasiojua: basketi huchezeshwa na waamuzi wawili angalau. Mmoja anatangulia chini ya kikapu, mwingine anafuata nyuma. Mmoja anatazama mpira, mwingine anatazama mikono. Ukiwa peke yako, kila mahali unafika umechelewa. Na wachezaji wanajua! Vijana wa bandarini walipoona niko peke yangu walitabasamu. Vijana wa gare, wapinzani wao kutoka stesheni ya treni, nao wakatabasamu. Mimi pia nikatabasamu, sijui kwa nini.

Dakika kumi za kwanza nilikimbia kama mwizi wa kuku. Nikigeuka huku, kule mtu anavutwa fulana. Nikikimbilia kule, huku mtu ameanguka na anaapa kwa jina la Mungu kwamba amesukumwa.

Kisha mpira ukatoka nje kwenye kona ya mbali. Mimi bado niko katikati ya uwanja, natafuta pumzi. Wachezaji wawili wameinua mikono, kila mmoja anasema ni wake. Nikaangalia mezani. Kijana wa saa anaangalia simu. Basi nikafanya kile ambacho mwamuzi hafanyi kamwe: nikasimama, nikafikiri. Ndipo nikasikia sauti kutoka kwenye kona ile ile.

"Ni huyu wa bulu njo aligusa mwisho. Na kidole."

Alikuwa Mama Riziki. Kila siku ya mechi anaweka mbabula yake, jiko la makaa, kwenye kona hiyo, hatua mbili nje ya mstari, anakaanga mandazi. Yule wa fulana ya bulu akacheka.

"Kweli, Papa arbitre. Niligusa."

Nikaonyesha upande kwa mkono ulionyooka kabisa, kama vile niliona mwenyewe. (Mazoezi ya kioo yalisaidia hapo.)

Hapo ningeishia. Lakini raha ya kusaidiwa ni tamu sana ukiwa umechoka. Mpira uliofuata kwenda kona ile, nikamtupia Mama jicho la wizi. Akanyoosha kile kijiti chake cha kugeuzia mandazi kuelekea gare. Nikapuliza: gare! Hakuna aliyelalamika. Nikaona mambo ni mepesi. Tukaendelea hivyo, kijiti na filimbi, na nikajidanganya kwamba hakuna anayeona.

Wote walikuwa wanaona.

Kipindi cha tatu nikapuliza kosa la kutembea na mpira, katikati kabisa ya uwanja, mbele ya macho yangu mwenyewe. Kapiteni wa bandari hakunitazama. Alimtazama Mama Riziki. Mama akatikisa kichwa kukubali. Ndipo kapiteni akatoa mpira. Baadaye kocha wa gare alitaka kulalamika, akanipita pale nilipo bila hata salamu, akaenda kwenye mbabula.

"Mama, yule hakumupiga wetu mukono?"

"Sikuona, nilikuwa nakata unga."

"Aksanti, Mama." Akarudi kukaa, ameridhika.

Nikatafuta Papa Kalenga kwenye kiti chake cha mezani. Kiti kitupu. Amekihama, yuko kwenye kona, ana daftari mkono mmoja na andazi mkono mwingine. Nilitaka kupuliza filimbi nijitoe mwenyewe nje.

Sekunde za mwisho. Bandari wako nyuma kwa pointi tatu. Kijana wao namba tisa, Trésor, akanyang'anya mpira, akakimbia mpaka kona ya Mama Riziki, akarusha. Mpira ukaingia, kengele ikalia. Uwanja mzima ukapasuka kwa kelele! Kama alirusha nje ya mstari, ni pointi tatu, wamesawazisha, tunaongeza muda. Kama alikanyaga mstari, ni mbili, na bandari wamekufa kwa pointi moja.

Mimi nilikuwa nimeona mgongo wa mtu mnene wa gare. Basi.

Nikainua mkono. Vidole vikakataa kuamua viwe viwili au vitatu. Kelele zikapungua, zikaisha. Na watu wote, wachezaji, makocha, watoto waliopanda ukutani, wakageuza vichwa kwenye kona.

"Mama," nikasema, mbele ya watu wote, kwa sauti ya mtu aliyezama. "Alikanyaga mustari?"

"Ngojeni. Nigeuze hizi kwanza, zitaungua."

Tukangoja. Mkono wangu bado uko juu. Akageuza moja, akageuza la pili, akageuza yote. Akafuta mikono kwenye kitenge chake.

"Alikanyaga. Raba yake imetoboka mbele, kidole gumba kilitoka nje, kikalala juu ya mustari."

"Mama!" Trésor akalia.

"Mama nini? Kile kidole nilikizaa miye. Nitakosa kukijua?"

Sikujua kama ni mwanawe! Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikaonyesha vidole viwili. Gare wakashinda. Hata bandari hawakubisha. Wangebisha na nani?

Papa Kalenga akaja pale nilipo, akafungua daftari, akasoma bila kucheka.

"Mwamuzi wa pili: macho mazuri, haogopi watu, haangalii undugu." Akageuza ukurasa. "Mwamuzi wa kwanza: anakimbia vizuri."

Kisha akamgeukia Mama Riziki. "Mama, tunatafuta muntu wa kwenda Moba. Utaenda?"

Nilidhani anatania. Kalamu ilikuwa tayari kuandika.

"Moba? Papa, nikienda, nani atakaangia hawa?" Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, kwa huruma kabisa. "Peleka huyu. Iko na nguvu ya kukimbia."

Papa Kalenga akashusha pumzi, akaandika jina langu.

Kwa hiyo ndugu zangu, naenda Moba. Nimefurahi, siwafichi. Mkiulizwa nilichaguliwa vipi, semeni tu nilichaguliwa, halafu mnyamaze.