Baragumu, Chokaa na Ufa wa Wikio

Jumatatu, 6 Mei 1912
Tetemeko jana, saa mbili asubuhi! Sahani tatu za ukutani zimevunjika. Wikio langu, kile chumba kinachovuka juu ya njia hadi nyumba ya pili, lina ufa wa vidole viwili. Mke wangu Umulkheir ameapa: likidondosha jiwe moja, anarudi kwao.

Lakini habari kubwa! Liwali anataka kila mtaa uwe na kituo. Nchi ikitikisika, baragumu lipigwe, watu wakutane hapo, majina ya waliofukiwa yapelekwe kwake. Mwenye kituo atalishika baragumu. Baragumu! Lazima kituo kiwe dakani kwangu, pale barazani mbele ya mlango.

Jumanne, 7 Mei
Bwanamkuu, jirani wa mbele, naye anakitaka. Keshatandika mkeka mpya! Msikitini anawaambia watu daka langu liko chini ya ufa. Ufa gani? Nimeuziba leo. Chokaa, tabaka nne. Umulkheir kasema nimeupaka wanja, sikuutibu.

Alhamisi, 9 Mei
Fadhil, karani wa Liwali, anakagua kesho. Bi Barka, mpika mahamri wa kibanda cha makuti kule uwanjani, ameuliza kama naye anaweza kukiomba kituo. Makuti! Nimecheka hadi mbavu zikauma. Bwanamkuu pia. Hatujakubaliana jambo tangu arusi ya dada yake.

Ijumaa, 10 Mei
Fadhil alifika baada ya sala, baragumu mkononi. Akausifu weupe wa chokaa. Bwanamkuu akaanza kumwambia atazame juu. Sikungoja! Nililichukua baragumu nikalipuliza kwa pumzi zangu zote.

Chokaa yote ilimshukia karani. Kisha jiwe, kubwa kama nazi, shubiri moja kutoka mguu wake.

"Piga tena, Bwana Jeilani, tuione mbingu!" Bwanamkuu huyo.

Nikatafuta haraka cha kusingizia. Nikapiga ukelele: Tetemeko!

Mtaa mzima ukatoka. Hakuna aliyekuja dakani kwangu. Hakuna aliyekwenda kwa Bwanamkuu. Wote mbio hadi kibanda cha Bi Barka, Bwanamkuu mbele, Umulkheir na sanduku lake la nguo. Nami nilikwenda, kuhesabu watu tu.

Fadhil, mweupe hadi kope, alimuuliza Bi Barka kwa nini wote wamekuja kwake. Bi Barka hakuacha kugeuza mahamri. "Makuti yakiniangukia, Bwana, nayakung'uta tu."

Baragumu limebaki kwake. Limetundikwa kando ya chekecheke la unga!

Jumamosi, 11 Mei
Umulkheir yuko kwao. Harudi mpaka wikio libomolewe.

Nimelala, nimefikiri, nimeliona kosa. Tabaka nne zilikuwa chache. Fundi anakuja kesho kupaka nane. Tena makuti huungua! Liwali akitaka kituo cha moto, nani atashika baragumu?

Nimempelekea Umulkheir salamu: aje Jumatatu alione wikio linavyong'aa. Nimeshamtandikia kitanda humo humo.