Kopeki Tano za Ekaterina

Jumamosi asubuhi, kwenye soko la vikorokoro kando ya reli, Rodion Kukushkin, bingwa wa maneno matamu, alikwenda kununua buti za baridi. Zake zilikuwa zimeachama. Alikuwa na rubli elfu kumi, basi.

Hakufika kwenye buti. Mbele ya bibi mmoja, katikati ya vijiko, vifungo na sarafu za shaba, aliona sarafu ya kopeki tano ya enzi za malkia Ekaterina wa Urusi: shaba nzito, pana kama biskuti, yenye kutu nzuri ya kahawia. Na mwaka wake, jamani! Wakusanyaji sarafu huugombania mpaka wananuniana.

"Shikamoo, mama. Mbona unauza uchafu?"

"Marahaba, mwanangu. Vya marehemu mzee wangu. Mimi sijui hili wala lile."

"Pole sana. Siku hizi watu wanataka vinavyong'aa. Ila nakuonea huruma, nipe hizo shaba zote kwa elfu kumi."

"Mh! Ngoja nimuulize dada yangu. Njoo kesho."

Kesho, na soko lina macho mia! Rodion akamtia pesa zote mkononi, asije akamuuzia mwingine, akaenda zake akicheka kimoyomoyo.

Jumapili bibi alimkabidhi mfuko huku akitabasamu. Shaba zilimetameta kama samovari, birika la chai, lililosuguliwa kwa Pasaka.

"Nimezisugua kwa siki na majivu. Si ulisema watu wanataka vinavyong'aa?"

Mkusanyaji haigusi shaba iliyosuguliwa hata akipewa bure.

"Mama, umeiua!"

"Nimeua nini? Uchafu?"

Akiri kwamba alitaka kumwibia mjane? Akashukuru, akaondoka akiulaani ulimi wake mwenyewe.

Nyumbani akaigeuza ile sarafu. Ukingoni, kutu ilipokuwa, palikuwa na mshono mwembamba. Loo! Ya Ekaterina yenyewe iligongwa kwa mtambo. Hii ilimiminwa kwenye kalibu bandani mwa mtu, pengine mwezi jana, ikapakwa kutu.

Jumamosi iliyofuata alirudi mbio, theluji ikimwingia vidoleni. Bibi alikuwa palepale, na kopeki tano nyingine ya kahawia, mwaka uleule. Bwana mmoja mwenye kofia ya manyoya alikuwa ameinama, akamwambia bibi:

"Mama, mbona unauza uchafu?"

Rodion akafungua mdomo apige kelele. Bibi akamtazama kwa upole.

"Karibu, mwanangu. Hebu mwambie bwana huyu ulivyozinunua kwangu zile nyingine."

Rodion akaufunga.

"Kaka," akaita muuza buti wa jirani, akimtazama miguu, "unavaa namba ngapi?"