Chombo Hakiondoki Bila Kujaa

Jumatatu, 3 Machi
Klabu yetu ya mchezo wa kompyuta wa kuendesha vyombo vya anga, hapa Nakuru, inatafuta nahodha. Atakayebeba abiria wengi zaidi kwenye kompyuta kufikia Ijumaa, cheo ni chake. Mama ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe Nicodemus anakuwa nahodha. Waumini walipiga makofi. Nikishindwa sasa, Jumapili nitakaa wapi?

Chombo nimechagua. Viti ishirini! Kinageuka polepole kama tinga la kulima, lakini nafasi ipo. Mpinzani wangu Jepkosgei, yule nesi, amechukua kijichombo cha vyumba sita, eti kila abiria na kitanda chake. Nilicheka hadi nikapaliwa na chai.

Jumanne, 4 Machi
Nimeegesha kituoni tangu nitoke kazini. Abiria kumi na mmoja. Siondoki ng'o! Baba alikuwa makanga wa matatu za Ravine, na hakuwahi kutoka steji na kiti kitupu. Jepkosgei anaenda na kurudi na watu wawili wawili, anachoma mafuta bure, maskini. Aliandika kwenye grupu, "Nico, kwani unangoja nani?" Kufikia saa mbili abiria wangu wote walikuwa wameshuka kwa hasira. Hawa watu wa kompyuta hawana subira.

Jumatano, 5 Machi
Akili ni mali! Gari likikosa watu pale steji, vijana hukodiwa wakae ndani lionekane linajaa. Abiria wa kweli akiingia, kijana anashuka. Basi nimemwomba binamu yangu Maxwel wa Kihoto aingie mchezoni na marafiki zake. Wamejaza viti vyote, ingawa wachezaji hawahesabiwi kama abiria. Chombo kimependeza, nikaona fahari.

Hakuja abiria hata mmoja. Kompyuta iliona nimejaa, ikawapeleka wote kwa Jepkosgei. Nikamwambia Maxwel washuke. Akasema hawashuki, wamenunua bando na wanataka kufika.

Ijumaa, 7 Machi
Jepkosgei ni nahodha. Mama nimemwambia kuna fitina, uteuzi umesogezwa. Imeniuma, sitaficha.

Lakini yule nesi ana roho safi. Amenipa niendeshe chombo chake cha pili, cha vyumba sita vilevile. Sharti ni moja: saa ikifika niondoke, hata nikiwa na mtu mmoja. Nikaitikia, sawa mkubwa.

Nimekikagua. Vitanda, mapazia, anasa tupu. Halafu katikati kuna korido pana, imeachwa hivi hivi. Ukilaza ubao hapo kama kwenye matatu, wanakaa watu wanne.