Chupa Kumi za Ukarimu

Jumatatu, 10 Februari

Mwenyekiti wa mtaa wetu kajiuzulu. Saruji ya mtaro iliota miguu, na maji ya mvua ya juzi yote yamelala sebuleni kwangu. Uchaguzi mdogo ni Jumapili. Nimechukua fomu! Miaka kumi na mitano nawapangia wengine viti mkutanoni. Sasa na mimi nataka kukalia kimoja, tena cha mbele. Nakitaka mpaka usingizi unakatika. Mpinzani ni mmoja tu, Mwanahawa, muuza vitenge. Hana lolote, ila watu wanampenda.

Jumatano, 12 Februari

Jumamosi kuna mdahalo wa rushwa na uongozi. Wakazi kumi wamepangwa kuuliza maswali. Nimewazungukia wote. Kila mmoja nimempa chupa ya asali ya Sikonge na kumwomba aniulize jambo jepesi. Mke wangu, Consolatha, kauliza kama hiyo siyo rushwa yenyewe. Nikamwelewesha: rushwa ni pesa, asali ni ukarimu. Akaendelea kuanika magodoro.

Wa mwisho alikuwa Mzee Mfaume, fundi baiskeli. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu. Kapokea, kalamba kidole, kasema uchoyo ndio umenikondesha.

Jumamosi, 15 Februari

Aibu! Na nilianza vizuri. Nililaani rushwa dakika kumi nzima, nikapigiwa makofi. Ikafika zamu ya Mzee Mfaume. Akasimama, akatangaza: "Jamani, huyu Mnyamwezi kaniletea asali ili nimuulize swali jepesi. Asali nimemaliza. Swali langu, nyingine inakuja lini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hakuna aliyeamini, maana mtani husema lolote. Mwanahawa mwenyewe alicheka mpaka akajifuta machozi. Na mimi ningecheka, yangeishia pale. Lakini nilipandwa na hasira. Nikashika kipaza sauti, nikamuuliza kwa nini anaropoka wakati wenzake tisa waliopewa chupa zilezile wametulia kwa adabu.

Wale tisa wakaanza kuangalia viatu vyao. Mmoja wao, Mama Recheli, akasema polepole kwamba angejua ni ya kura, asingempa mchungaji nusu yake.

Jumapili, 16 Februari

Mwanahawa kashinda. Mimi kura mbili. Moja niliipiga mwenyewe. Nikamshukuru Consolatha kwa ya pili. Akaniambia, bila hata kuinua macho, kwamba yeye kampigia Mwanahawa, kwa ajili ya mtaro. Iliniuma sana. Sikula mchana.

Jioni Mzee Mfaume kaja kunipa pole. Kura ya pili ilikuwa yake. Kasema alinihurumia, na asali ilikuwa tamu.

Jumatatu, 17 Februari

Nimekaa, nimetafakari nilikosea wapi. Nimeona. Nilimpa mtani.

Mwanahawa anaunda kamati ya kusimamia mtaro, na wa kuiongoza bado hajapatikana. Kesho asubuhi nampelekea jogoo, kumpongeza tu. Ukoo wake nimeshauulizia vizuri. Hatuna utani nao.